Paka Anayevamia Sinia: Njaa, Ugonjwa au Mazoea?

Katika nyumba nyingi za pwani chakula cha mchana huliwa chini. Mkeka unatandikwa, sinia la wali linakaa katikati, bakuli la samaki wa nazi pembeni, na kabla watu hawajamaliza kunawa, paka ameshajipatia nafasi. Anaanza kwa kukoroma na kujisugua kwenye magoti. Halafu analia. Halafu anapeleka mguu wa mbele, taratibu, huku akimtazama mtu mwingine kabisa. Mwisho kichwa cha yule samaki, changu, kimeondoka na kinaburutwa kuelekea uvunguni.

Maelekezo mengi ya kumfunza paka adabu yameandikwa na watu wanaokula mezani, na tatizo wanalolijua wao ni paka anayeruka juu. Paka wa mkekani hana haja ya kuruka. Sinia liko usawa wa pua yake. Kwa hiyo tuanze mbali kidogo, kwenye sababu, kisha turudi mkekani tukijua tunashughulika na nini.

Paka wa namna hii watu humwita mlafi na kuishia hapo. Lakini ndani ya huo ulafi mna mambo matatu yasiyofanana: paka mgonjwa, paka ambaye kweli hashibi, na paka aliyefunzwa na wenye nyumba kwamba mwenye kulia hupata. Wa kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo, wa pili abadilishiwe chakula, na wa tatu peke yake ndiye wa kupewa somo la adabu. Ukimpa somo mgonjwa unamtesa bure.

Ugonjwa ndio unaosahaulika, basi tuutangulize. Cha kuangalia si wingi wa kula bali mabadiliko. Paka mzee, wa miaka kumi na zaidi, ambaye hakuwahi kusumbua, kisha akaanza kulilia kila kitu huku anakonda, huenda tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Kwa paka wazee ugonjwa huu ni wa kawaida sana. Anayekula mno, anayekunywa maji mno na kukojoa mno, na bado anapungua, achunguzwe kisukari. Paka mdogo mwenye tumbo la duara na mbavu za kuhesabika mara nyingi ana minyoo. Kama ana viroboto, mashaka yanazidi, kwa kuwa aina moja ya tegu huingia mwilini pale paka anapojilamba na kummeza kiroboto. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutolewa kwa mzio wa ngozi, nazo huamsha njaa. Paka mwenye mimba, anayenyonyesha, au mtoto anayekua, hao wana haki yao na wasilaumiwe.

Aliyehasiwa ana mkasa wa peke yake: mwili wake unahitaji nishati kidogo kuliko zamani, ilhali hamu ya chakula inapanda. Watu husema "kuhasi kunanenepesha", wakaacha kuhasi, na mtaa ukajaa watoto wa paka. Kinachonenepesha ni kumjazia bakuli lilelile la zamani, na juu yake kumhurumia anapolia.

Yupo pia paka ambaye vipimo vyote vinatoka safi na bado hatulii. Mwaka 2012 watafiti wa Italia walieleza kisa cha paka mchanga wa Siamu aliyekuwa akiiba kwenye sahani za watu, akigombana kwa ajili ya chakula, akitafuna hata visivyoliwa. Mwilini hakuonekana kuwa na ugonjwa. Walimtibu kwa mafunzo ya tabia, nyumba nzima ikabadilisha jinsi inavyomshughulikia, na baada ya miezi akatulia. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonesha kwamba hata kwa paka aliyepita mpaka dawa ilikuwa ileile tutakayoijadili hapa chini, ila kwa kipimo kikubwa zaidi.

Tumbo la mwindaji

Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama anayewinda peke yake na kuishi kwa windo dogo. Panya mdogo ana kilokalori 30 hivi. Paka mwenye kilo nne anahitaji takribani 200 hadi 250 kwa siku. Piga hesabu: panya saba au wanane kila siku, na si kila windo linafanikiwa. Mnyama huyu ameumbwa ale kidogo, mara nyingi, mchana na usiku, na akipata nafasi asiiache, maana hajui ya pili itakuja lini. Kumwekea chakula mara moja kwa siku, kisha kushangaa kwamba saa nane mchana anazunguka sinia, ni kutomjua.

Halafu kuna suala la tunachompa. Paka si mbwa, hawezi kuishi kwa ugali. Anahitaji protini ya nyama na samaki, na ndani yake kirutubisho kinachoitwa taurini, ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa California walionesha kuwa paka waliokosa taurini walikuwa wakipata ugonjwa wa moyo kutanuka, na wengi wao walipoongezewa walipata nafuu. Macho pia huharibika kwa kuikosa. Ugali uliolowekwa mchuzi unajaza tumbo na kuuacha mwili unadai. Paka aliyelishwa hivyo asubuhi, akaona samaki mzima mchana, simwiti mkosa adabu.

Afadhali dagaa waliochemshwa, waliosuuzwa kwanza kama ni wa chumvi, utumbo wa kuku uliopikwa, kichwa cha samaki kilichotolewa miiba mikali, na ukiweza, chakula cha pakiti ambacho taurini yake imeshapimwa. Maini ni mazuri lakini si ya kila siku. Vitamini A ikizidi inaumiza mifupa. Mchuzi wenyewe, ule wa kitunguu maji na kitunguu saumu, usimpe kabisa. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimekaangwa au ni vya unga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na maziwa, ambayo watoto hupenda kummiminia, paka wengi wakubwa huwaharisha.

Nyumba yenye walimu wengi

Tuje sasa kwa paka mzima wa afya, aliyeshiba, na bado yuko kwenye mkeka.

Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio aliyofanya kwa kuwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku, nje akaweka kipande cha samaki. Paka alikwaruza, akauma, akahangaika, mpaka kwa bahati akakanyaga kitu kilichofungua mlango. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kutoka ulipungua kidogo kidogo. Thorndike hakuona dalili kwamba paka alikaa akafikiri. Alichoona ni kwamba tendo lililoleta samaki lilibaki, na yasiyoleta kitu yakapukutika. Elimu yote ya kufunza wanyama kwa zawadi inasimama hapo, na inapendeza kwamba walioanza kuifunua walikuwa paka wenye uchu wa samaki.

Sasa tazama sinia kwa macho ya Thorndike. Mama anamfukuza paka. Babu, asiyejiona kama anavunja sheria yoyote, anatupa mwiba nyuma yake. Mtoto ambaye hapendi ngozi ya samaki anaipitisha chini ya goti. Shangazi aliyekuja kutembea anasema, "Maskini, ana njaa huyu." Kati ya kulia mara kumi, paka amepata mara mbili, na hajui ni ipi itakayofuata. Utafiti uliokuja baadaye, hasa wa B. F. Skinner, naye mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake, ulionesha kwamba zawadi ya kubahatisha namna hii hujenga tabia ngumu kuondoka kuliko zawadi ya kila mara. Anayepata kila mara akikosa mara tano anajua mambo yamebadilika. Aliyezoea kubahatisha akikosa mara hamsini anaamini ya hamsini na moja ndiyo yenyewe.

Paka naye hakai kimya akisubiri bahati. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walirekodi paka walipokuwa wakiomba chakula na walipokuwa wametulia tu. Ndani ya mkoromo wa kuomba walikuta sauti nyembamba, ya juu, inayokaribia kilio cha mtoto mchanga, na watu waliosikilizishwa waliiona ya haraka zaidi na isiyopendeza, hata ambao hawakuwahi kufuga paka. Kwa hiyo huruma ya shangazi si udhaifu wa shangazi. Amepigwa pale pale panapouma.

Siku mtakayoamua kuacha kumpa, atazidi. Atalia kwa sauti ambayo hamjawahi kuisikia, ataparura mkeka, atapanda begani. Hili lina utaratibu wake: tabia iliyozoea kupata zawadi, zawadi ikikatwa, hupanda kwanza kisha hushuka. Nyumba nyingi hushindwa hapahapa, siku ya tatu au ya nne, mtu anaposema "mpeni kidogo anyamaze." Kwa kipande hicho kimoja paka amejifunza kwamba kulia kwa kawaida hakutoshi, inabidi kulia hivi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sijui methali inayoeleza hali hii vizuri zaidi.

Kufukuza kwa kofi au kumwagia maji kunaonekana kufanya kazi kwa sababu paka anakimbia. Alichojifunza, hata hivyo, ni kwamba wewe ukiwepo kuna hatari. Ukienda kuitikia hodi, hatari imeondoka na samaki amebaki. Paka wa nyumba zenye fimbo haachi kuiba, anajifunza saa ya kuiba. Tena pwani wengi wanaona vibaya kumpiga, wakikumbuka hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo anywe, akasimulia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazunguka. Methali nayo inasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Basi akiwa haingwi, itabidi afundishwe.

Namna ya kumfundisha

Wengine husema paka asipewe kamwe chakula cha watu. Kwenye vitabu inasomeka vizuri. Katika nyumba yenye sinia na vichwa vya samaki vinavyobaki, hakuna atakayeifuata wiki mbili. Sheria inayoshikika ni nyingine: chakula cha paka, chochote kiwacho, hutoka kwenye bakuli lake, mahali pake, na si kwingineko. Kichwa cha changu kinaruhusiwa. Kinasubiri watu wamalize, wanawe mikono, kichambuliwe miiba, kisha kiwekwe kwenye bakuli kule uani au pembeni mwa jikoni. Babu hanyimwi raha ya kumpa paka, anahamishiwa mahali tu. Mtoto apewe kazi hiyo rasmi, na mara nyingi atakuwa mlinzi mkali wa sheria kuliko mama.

Pili, paka ale kabla ya watu, kama robo saa hivi. Wapo wanaopinga kwamba ukimtanguliza atajiona mkubwa wa nyumba. Paka hana hesabu za ukubwa wa aina hiyo; ana tumbo tupu au tumbo lenye kitu, na mwenye kitu tumboni anafundishika. Chakula cha siku kigawe mara nne au tano badala ya kukiongeza. Kama ni cha pakiti, pima asubuhi kiasi cha kutwa nzima, kiweke kwenye kikopo, na kila anayempa achote humo. Kikopo kikiisha, kimeisha. Na usije ukamfungia chakula siku nzima ili "ashike adabu": paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

Tatu ndiyo kazi yenyewe. Paka akikatazwa kitu bila kuoneshwa kingine cha kufanya, atarudia kile anachokijua. Mpe kituo. Chagua kipande cha mkeka mkuukuu au gunia lililokunjwa, kiweke hatua tatu nne kutoka mahali pa kulia, ikiwezekana juu kidogo, kwa mfano kwenye kiti au dirisha pana, maana paka hupenda kutazama kutoka juu. Anza wakati ambao hakuna mlo. Weka punje ya dagaa juu ya kituo, aifuate. Akikanyaga tu, weka nyingine papo hapo. Akikaa, nyingine. Zawadi iwe ndogo kama kucha ya kidole, ifike ndani ya sekunde moja au mbili, na iwekwe kituoni, isitoke mkononi hewani, kwa sababu tunataka apende mahali, si kidole chako. Dakika tatu zinatosha. Paka akichoka huondoka bila kuaga, na somo limekwisha.

Akishazoea kukimbilia kituo mwenyewe, chelewesha zawadi: sekunde tano, kumi, thelathini. Kisha lete mkeka wa kulia, mtupu. Siku nyingine sinia tupu, watu wamekaa. Siku nyingine mkate na chai. Samaki awe wa mwisho kabisa, na siku ya kwanza ya samaki mtu mmoja akae na vipande vyake vya zawadi karibu na kituo, ale baadaye. Wengi huruka moja kwa moja kutoka kwenye gunia tupu hadi kwenye mlo wa Ijumaa, halafu wakasema paka hafundishiki. Kabla hajafikia hatua hiyo, wakati wa mlo halisi mfungie chumba kingine na bakuli lake. Si adhabu, ni kumzuia asipate ushindi hata mmoja wakati somo halijakolea.

Akitoka kituoni akaja kwenye sinia, usiseme neno. Mnyanyue, mrudishe, subiri atulie kidogo ndipo umpe. Ukimpa sekunde ileile uliyomrudisha, atajifunza mchezo wa kuja na kurudishwa, na atauchezea kutwa.

Wizi wa jikoni ni mlango mwingine, na hauzibwi kwa mafunzo, kwa kuwa anayeiba amejilipa mwenyewe hata kama humkuona. Hapo dawa ni kawa. Wazee waliosuka makawa ya ukindu hawakuwa na nzi peke yao akilini. Kawa jepesi paka hulisukuma, basi weka kitu kizito juu yake, au tumia kabati lenye wavu. Samaki anayengoja kukaangwa akae ndani ya sufuria yenye kifuniko. Wiki kadhaa za kukuta meza tupu zinapunguza ziara kuliko makelele ya mwaka.

Kwenye paka wengi, kila mmoja na bakuli lake, wasionane wakila. Wawindaji wa peke yao hawana desturi ya kula pamoja. Anayebugia haraka mara nyingi anaogopa mwenzake, au paka shume anayeingia kwa dirisha la jikoni. Anayebugia akatapika, mtandazie chakula kwenye sinia bapa au kitie katika vishimo vya trei ya mayai, akitoe kimoja kimoja. Chupa ya plastiki iliyotobolewa nayo humshughulisha, ingawa tusiisifu mno: utafiti wa California uliochapishwa 2021 uliwapa paka uchaguzi kati ya chakula cha kuhangaikia na cha bure, na wengi wakaenda kwenye cha bure.

Ramadhani huvuruga ratiba yote. Mlo mkubwa unahamia magharibi, daku inaamsha jikoni usiku wa manane, na paka ambaye kwa asili huchangamka alfajiri na jioni anajikuta katika msimu wake. Siku kumi kabla ya mwezi kuandama, anza kusogeza milo yake kwa nusu saa kila baada ya siku mbili tatu, moja ielekee kabla ya adhana ya magharibi na nyingine kabla ya daku. Mlo wa mchana usiufute, yeye hafungi. Wakati wa futari wageni ni wengi na kila mmoja ana huruma yake, kwa hiyo mfungie chumbani tangu mapema badala ya kumwachia shangazi mtihani. Idi ikipita, kama kuna aliyempa kipande mkekani na paka ameanza tena kuzunguka sinia, rudini kwenye hatua ya mkate na chai kwa siku chache. Safari hii atashika haraka zaidi, kwa sababu gunia lake bado analijua.